Kiti cha Ngozi cha Baiskeli: Kukikaza, Kukipaka na Kukikausha

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Vitu vya kuwa navyo darasani: baiskeli moja yenye kiti cha ngozi, spana, kitambaa kikavu, kijiti kilichonyooka, chupa yenye maji, chaki, na daftari zenu.

MSOMESHAJI: Somo la leo ni la kazi ya mikono, lakini kalamu nayo ina kazi ndani yake, kwa hivyo daftari ziwe karibu.

Tutazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakikalia kila siku wala hatukitazami, nacho ni kiti cha baiskeli. Nakusudia kile cha ngozi tupu, iliyowambwa juu ya vyuma, kisichokuwa na sponji ndani wala plastiki juu. Mwenye kiti cha plastiki asiondoke. Mwisho wa somo yapo maneno yake pia.

Mfikirini mwuza samaki anayetoka Malindi asubuhi na tenga nyuma ya baiskeli, anapeleka samaki shamba. Kiti chake kimebonyea katikati kama machela. Kila akikanyaga pedeli, kingo za kiti zinamkata mapaja, na chuma cha chini kinamgonga. Akifika Bububu, kiasi cha kilomita 10 tu, ameteremka mara tatu anasukuma. Samaki hawangoji. Anapofika kwa wateja jua limekwisha panda, na bei imekwisha shuka. Mtu huyu atakuambia baiskeli yake ni mbovu. Baiskeli ni nzima. Kilichokufa ni kiti, na pengine hakikuwa na haja ya kufa.

Kiti kipya cha ngozi ni ghali, na si rahisi kukipata madukani siku hizi. Kwa hivyo aliye nacho akitunze.

Viti vya namna hii vilitujia pamoja na baiskeli za Kiingereza. Mwaka 1866 mtu mmoja aitwaye John Boultbee Brooks alianza biashara ya vitu vya ngozi huko Birmingham, Uingereza. Kampuni yake husimulia kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, na kiti chake kikamwumiza vibaya sana. Basi akaanza kutafuta namna ya kutengeneza kiti bora, na mwaka 1882 akaandikisha serikalini kiti alichokibuni. Baiskeli nyingi za Raleigh, zilizotengenezwa Nottingham, zilifika Afrika Mashariki zikiwa na viti vya ngozi. Baadaye zikaja za China, kama Phoenix, na za India, kama Hero, nyingine zikiwa na kiti cha ngozi na nyingine cha plastiki. Hayo yanatosha juu ya zamani. Sasa ileteni baiskeli mbele ya darasa, igeuzeni juu chini, mtazame kiti kwa upande wa chini.

Mtaona vyuma viwili virefu vinavyotoka nyuma kwenda mbele. Nyuma vimeshikwa na bati pana lililopinda, na baiskeli nyingine zina springi mbili mahali hapo. Mbele vimeingia katika kipande kidogo cha chuma chini ya pua ya kiti. Ngozi yenyewe haikugandishwa popote. Imeshikwa nyuma na mbele tu, kwa misumari mifupi yenye vichwa bapa ambayo mafundi huiita ribiti. Katikati hapana kitu chini yake ila hewa.

Sasa kumbukeni kitanda cha kamba. Kitanda kipya kimewambwa sawasawa, ukikigonga kinalia. Baada ya miezi kadhaa kamba zinalegea, mtu akilala anazama katikati, mgongo unauma. Hapo kamba hukazwa upande wa miguuni. Lakini kila mtu aliyewahi kuwamba kitanda anajua kwamba ukizidi kukaza kamba hukatika, na haikatiki katikati. Hukatika pale inapopita juu ya mti. Kiti cha ngozi ni kitanda cha kamba kidogo. Hulegea, hukazwa, na kikikazwa mno hupasuka, nacho hupasukia penye ribiti.

Chini ya pua mtaona bolti fupi yenye nati. Nati hiyo ikizungushwa inasukuma kipande cha pua kwenda mbele, na ngozi inavutika. Ndiyo kamba ya kukazia. Viti vingine vya bei ndogo havina bolti hiyo. Tutasema baadaye vifanyweje.

(Hapa darasa litatua kidogo. Kila mtu akibonyeze kiti katikati kwa kidole gumba, kisha wanafunzi wawili wakikalie, mmoja baada ya mwingine, na mwenziwe achungulie chini.)

Ngozi nzuri hukubali kidole kidogo, kisha hurudi. Isipokubali hata kidogo imekazwa mno au imekauka. Kuna kipimo kingine nami nakipenda zaidi. Mtu akiwa amekaa, achunguliwe kwa chini. Ngozi ikigusa vyuma au bolti, imelegea, yafaa kukazwa. Isipogusa, na mkaaji hana maumivu, iacheni. Kubonyea kidogo si ugonjwa. Kiti cha ngozi hufuata umbo la mwenyewe, kama kiatu, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Mabonde mawili madogo pale mifupa ya makalio inapokaa ni dalili ya kiti kilichozoeana na mtu wake.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Marehemu baba yangu aliacha baiskeli aina ya Raleigh, na kiti chake kilikuwa cheusi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Masika moja kikalegea. Mimi nikachukua spana nikakaza nati nusu mzunguko. Juma la pili nikaona bado, nikakaza tena nusu. Nisilolijua ni kwamba kaka yangu, ambaye naye aliitumia baiskeli ile, alikuwa akifanya vivyo hivyo kila Ijumaa, na yeye hakujua juu yangu. Kila mmoja alidhani yuko peke yake na kile kiti. Siku moja nakwenda Chwaka, nimefika karibu na Dunga, nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Ngozi ilikwisha toka penye ribiti zote za mbele, na pua ya chuma imesimama wazi. Zilibaki zaidi ya kilomita 10 kufika Chwaka. Sikukaa tena siku ile.

Basi hii ndiyo kazi ya kalamu niliyoitaja. Chukueni kipande cha karatasi ngumu, mkining'inize penye ukuta baiskeli inapolazwa. Kila anayegusa nati aandike tarehe, jina lake, na kiasi alichokaza. Mathalan: "Tarehe 4, Juma, robo." Basi. Mtu wa pili akija na spana atasoma kwanza. Nyumba yenye baiskeli moja na watu watatu wa kuipanda haiwezi kutunza kiti bila ya karatasi hiyo, labda iwe nyumba ambayo watu wake huambiana kila kitu, nami sijaiona.

Namna ya kukaza ni hii. Kwanza ngozi iwe kavu kabisa. Ngozi iliyorowa ikikazwa inavutika ovyo, halafu ikikauka inajikunja na kujivuta yenyewe, na ribiti zinalipia gharama. Pili, pigeni alama ya chaki juu ya nati, ili mwone imekwenda kiasi gani. Kama nati ina kutu, itieni tone la mafuta ya mashine, muisubiri mpaka kesho. Msiilazimishe, maana bolti ikikatika humo ndani hapana wa kuitoa kwa urahisi. Tatu, zungusheni robo. Robo ni sehemu moja katika nne: kama alama ya chaki ilikuwa inatazama msikiti, sasa itazame pembeni, isitazame nyuma. Angalieni pua: ikisogea mbele mnakaza, ikirudi nyuma mnalegeza. Kisha wekeni spana. Pandeni baiskeli juma zima kabla ya kufikiri juu ya robo ya pili. Kiti kinachotunzwa vizuri huenda kikamaliza mwaka nati haikuguswa.

Watu wengi hukaza kiti kwa sababu kimelegea, wala hawaulizi kwa nini kimelegea. Hapa kwetu Unguja jawabu ni moja mara nyingi, nalo ni maji.

Itazameni ngozi mahali ilipopasuka. Ndani mtaona nyuzi ndogo ndogo zilizosokotana, zinafanana na makumbi ya nazi. Ngozi mbichi ikikauka huwa ngumu kama ubao, na ikirowa huoza. Ndiyo maana hudabaghiwa. Ngozi ya viti hivi aghalabu hudabaghiwa kwa dawa itokayo katika magome na majani ya miti, dawa ile kali inayokaza ulimi mtu akitafuna ganda la ndizi mbichi. Magome ya mikoko yanayo kwa wingi, na zamani yalipakiwa vyomboni kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki yakapelekwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. (Simwambii mtu akakate mikoko. Mikoko ina kazi nyingine ya kufanya pale ilipo.) Dawa hiyo huifanya ngozi isioze upesi, lakini haiifanyi isinywe maji. Ngozi ikinywa maji, zile nyuzi huteleza, moja inapita juu ya mwenzake. Mtu akiikalia wakati huo, uzito wake unazivuta, nazo zikikauka hubaki pale pale zilipovutwa. Safari moja ya saa moja juu ya kiti kilichorowa hukilegeza kuliko miezi mingi ya ukavu.

Na maji hayaji kutoka juu peke yake. Upande wa juu wa ngozi ni laini, umebanwa, maji huteleza. Upande wa chini ni mkavu, una manyoya manyoya, nao hunywa kama sponji. Ikiwa baiskeli haina madigadi ya nyuma, gurudumu linachota maji ya barabarani na kuyarusha moja kwa moja chini ya kiti. Nimewaona watu wamefunika kiti vizuri juu, huku chini kinalowanishwa njia nzima. Kabla ya Machi, masika haijaanza, na kabla ya Oktoba kwa ajili ya vuli, tazameni madigadi. Kama haipo, hata kipande cha mpira kilichofungwa kwa waya chini ya kiti chafaa.

Cha kufunikia, mifuko ya plastiki imekwisha pigwa marufuku kwetu, nayo haikuwa dawa nzuri hata ilipokuwapo. Kateni kipande cha turubai, au cha ule mpira unaotandikwa kitandani kwa mtoto mchanga, mkitie kamba pembeni, mkikunje mfukoni. Mvua ikija mnafunika. Mvua ikikatika mnafunua. Kiti kinachofunikwa usiku na mchana hutoa jasho, na jasho huleta koga.

Kiti kikisharowa, kipanguseni, mkiache kivulini penye upepo, siku moja au mbili, mpaka kikauke chenyewe. Msikianike juani. Msikiweke karibu na meko. Ngozi yenye maji ikipata moto hujikunja na kuwa ngumu, na haitarudi tena hata mkiipaka nini. Jua la kaskazi pia, Januari na Februari, hukikausha hata kiti kisichorowa. Mtu anayeegemeza baiskeli ukutani asubuhi, na jua likawa juu yake mpaka alasiri, asishangae ngozi ikifanya nyufa. Kama lazima uende ingawa kiti kimerowa, simama juu ya pedeli kadiri uwezavyo, au weka kitu cha kukalia juu yake. Lakini bora ni kungoja.

Kwa wachukuzi wa samaki kuna jambo la zaidi. Maji ya tenga yana chumvi. Chumvi hula ribiti na springi, na inavuta unyevu usiku kucha. Mkifika nyumbani chukueni kitambaa kilichokamuliwa katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mfute ngozi na vyuma, kisha mkaushe kwa kitambaa kikavu. Kazi ya dakika mbili.

Koga ikiota, kitoeni kiti nje, mfute kwa kitambaa kikavu ili vumbi lake lisijae nyumbani. Halafu futeni kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji, mkauke kivulini kama nilivyosema. Sabuni ya unga msiitie kabisa.

Sasa juu ya kupaka. Nimemwalika fundi wa viatu, mtu aliyeshona makubadhi na kutengeneza viti vya baiskeli kwa miaka mingi. Fundi, karibu.

FUNDI: Ahsante, maalim. Assalamu alaykum, wasikilizaji.

MSOMESHAJI: Fundi, nyumba nyingi hupaka kiti mafuta ya nazi, maana ndiyo yaliyopo. Wewe wasemaje?

FUNDI: Mafuta ya nazi ni ya nywele, maalim. Nchi yetu ni ya joto, mafuta yale hayagandi, yanaingia ndani ya ngozi yote. Ngozi inakuwa laini kama ulimi wa ng'ombe. Mwenyewe anafurahi siku tatu, siku ya nne anazama. Viti vingi wanavyoniletea vimekufa kwa mafuta, si kwa kukosa mafuta. Na mafuta ya kupikia, na mafuta ya injini, hayo ni mabaya zaidi. La injini litakutia doa ambalo mkeo hatalitoa katika kanzu mpaka kiama.

MSOMESHAJI: Basi tupake nini?

FUNDI: Anayeweza kupata dawa ya viti ya dukani, apake hiyo. Asiyeweza, achukue nta ya nyuki kijiko kimoja, na shahamu ya ng'ombe vijiko viwili, shahamu iliyoyeyushwa ikachujwa, isiyotiwa chumvi. Aitie katika kopo, kopo alisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Asiweke kopo juu ya moto wenyewe, litashika moto hilo. Ikiyeyuka akoroge, aache igande. Ikigandia ndiyo dawa.

MSOMESHAJI: Na kupaka?

FUNDI: Kidogo! Kidole kimoja tu, kiasi cha kunde mbili tatu kwa kiti kizima. Aanze chini, maana chini ndiko kunakokunywa maji. Kisha juu, na azidishe kidogo penye ribiti. Aache usiku mmoja. Asubuhi asugue kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisitoke na kitu. Asiposugua, Ijumaa atakwenda msikitini na kanzu nyeupe, nyuma ina duara jeusi. Nimewaona.

MSOMESHAJI: Mara ngapi kwa mwaka?

FUNDI: Kabla ya masika na kabla ya vuli. Mara mbili. Kiti kipya kilicho kigumu, mara moja zaidi, kisha mtu avumilie akizoee. Juma chache. Watu wanataka kiti kipya kiwe laini siku ya kwanza, wanakiloweka mafuta. Ndio hao niliokwisha kuwataja. Na kopo la dawa lifunikwe. Ile ni shahamu, panya wanaipenda. Kiti kilichopakwa mno panya watakila, nacho ni cha kwako.

MSOMESHAJI: Fundi, kiti kisicho na bolti ya kukazia, au bolti imekwisha shikwa na kutu, nacho kimelegea, kina dawa?

FUNDI: Kina. Kinafungwa kamba, kama kiatu. Utazame kiti kilicholegea: katikati kimezama, na yale mashavu mawili ya ubavuni yametanuka nje, yanakusugua mapaja. Basi ukiyavuta mashavu yakaribiane kwa chini, katikati hunyanyuka wenyewe. Unatoboa matundu manne kila shavu, mkabala, kwa maharazi. Yawe mbali na ukingo kiasi cha upana wa kidole, ukitoboa karibu na ukingo yatachanika. Tundu liwe la duara, lisiwe mpasuko. Unapitisha ukanda mwembamba wa ngozi au uzi mnene uliotiwa nta, kushoto kulia, kushoto kulia, chini ya vyuma. Unavuta kiasi mashavu yasimame. Usivute mpaka yagusane. Unafunga fundo kwa chini.

MSOMESHAJI: Mtu aweza kuifanya kazi hiyo nyumbani?

FUNDI: Mwenye maharazi na mkono uliotulia, aweza. Asiye na maharazi aje kwetu, kutoboa matundu manane si kazi ya kutwa. Lakini kisu asikitumie. Na ngozi iwe kavu, maalim, umewaambia?

MSOMESHAJI: Nimewaambia.

FUNDI: Waambie tena.

MSOMESHAJI: Ngozi iwe kavu. Na ile iliyokwisha chanika penye ribiti?

FUNDI: Hiyo haikazwi wala haifungwi. Ikiwa imechanika ribiti moja, na ngozi iliyobaki ni nzima, naipiga ribiti mpya ya shaba na bati dogo chini. Zikichanika zote, ngozi imekwisha. Chuma chake usikitupe. Chuma cha kiti cha zamani ni kizuri kuliko vingi vya sasa, naweza kukiwambia ngozi nyingine, au hata kipande cha tairi kwa asiye na uwezo. Tairi halina raha ya ngozi, lakini mtu atafika.

MSOMESHAJI: Ahsante sana, fundi wangu.

FUNDI: Ahsanteni nanyi.

MSOMESHAJI: Limebaki jambo moja, nalo ni la viti vyote, vya ngozi na vya plastiki: namna ya kukiweka kiti juu ya baiskeli. Watu hupata maumivu ya magoti na kiuno, wakalaumu ngozi, kumbe kiti kimewekwa chini mno au kimeinama.

Urefu ni rahisi kupima. Kaa juu ya kiti, mwenzio akushikie baiskeli, weka kisigino juu ya pedeli iliyoko chini kabisa. Mguu unyooke bila ya kulala upande. Goti likikunjwa, kiti kipandishwe. Ukilazimika kuteremsha nyonga, kishushwe. Ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, kama ipasavyo, goti litapata mkunjo kidogo. Bomba la kiti libaki ndani ya fremu kiasi cha upana wa vidole vinne kwa uchache, kwa usalama wenu.

Kwa mwinamo, wekeni kijiti kilichonyooka juu ya kiti, kutoka nyuma hadi puani, na juu ya kijiti mlaze chupa iliyojaa maji nusu. Baiskeli isimame mahali pa sawa. Maji yatawaambia. Kiti cha plastiki kiwe sawa. Cha ngozi pua yake inyanyuliwe kidogo tu, maana mtu akikaa nyuma hubonyea, na kama pua iko chini mkaaji anateleza mbele na kujishika kwa mikono njia nzima, mpaka vidole vinakufa ganzi. Vidole vikifa ganzi, au sehemu nyingine za mwili ambazo sizitaji redioni, hiyo ni dalili ya kutazama mwinamo kabla ya kutazama nati. Legezeni nati mbili za kibanio, upande huu na upande huu, mrekebishe, mkaze sawasawa. Hizi kazeni kwa nguvu. Ile ya puani pekee ndiyo ya robo robo.

Kazi ya juma hili. Kila mwanafunzi mwenye baiskeli nyumbani atengeneze ile karatasi ya ukutani, yenye nafasi tatu: tarehe, jina, kiasi. Chini ya nati aache mistari miwili ya kupaka dawa, mmoja wa kabla ya masika na mmoja wa kabla ya vuli. Asiye na baiskeli amwandikie jirani yake. Andikeni kwa herufi kubwa, zisomeke na mtu aliyesimama na spana mkononi. Mlete nakala darasani siku ya somo, mwalimu wenu azisome kwa sauti, na wengine waseme kiti gani kimekazwa mno.

Maneno mapya ya kuandikwa ubaoni: ribiti, nati, robo, maharazi, shahamu, koga, kudabaghi, madigadi.

Maswali ya kuzungumza: Kwa nini upande wa chini wa ngozi hupakwa kwanza? Katika nyumba yenu, ni watu wangapi wanaogusa nati ile moja? Mtu aliyefika nyumbani saa kumi na mbili jioni, kiti kimerowa, na alfajiri atakihitaji tena, afanye nini?